Kivuli cha Majani ya Mlimau

Jumatatu, 4 Machi

Naanza daftari hili kwa sababu nisipoandika nitamrukia mtu shingoni. Mvua imeanza leo asubuhi, na kazi ya Mkunga imeingia siku hiyohiyo. Mjomba anasema ni dalili njema. Kwa Mjomba kila kitu ni dalili njema, isipokuwa swali langu.

Mkunga amestaafu sasa. Nusu ya mtaa huu imepita mikononi mwake, na mimi nimo. Anataka kabati la milango miwili, na juu ya milango hiyo tawi la mlimau lianzie kushoto liishie kulia, na majani yake yote. Hataki rangi ya kopo. "Nataka mbao yenyewe iwe jani," alisema. Kisha akanigeukia. "Na wewe uliyezaliwa unapiga kelele kama mtu aliyedhulumiwa, utakata vizuri?" Nikamwambia nitakata. "Sura bado ileile," akasema, akaenda zake.

Hiyo ndiyo kazi yetu, njumu ya mbao. Tunachukua maganda, yaani mbao zilizochanwa nyembamba kama kadi, kila mti na rangi yake, tunakata vipande na kuvibananisha mpaka vinakuwa picha moja, kisha picha nzima inagandishwa juu ya mlango. Mimi nakata. Mwenzangu, babu wa wajukuu asiyenyamaza hata akiwa na msumari mdomoni, anaranda na kupika gundi, tunamwita Redio. Mjomba, kaka yake mama na mwenye karakana, anachoma.

Kuchoma ndiyo kazi yenyewe. Unapasha mchanga kwenye karai, unachovya ukingo wa jani la mbao, na ukingo unaiva: kahawia pembeni, ukififia kuelekea katikati. Hapo jani linainuka. Bila kivuli hicho ni kipande cha mbao tu. Likiwa nacho, mtu anataka kulichuma. Mjomba anachomea chumba cha nyuma, mlango umefungwa. Sijawahi kuingia moto ukiwaka. Redio naye hajawahi, na angekuwa ameingia tungejua wote.

Nimekata miaka sita. Asiyejua kuchoma haitwi fundi, anaitwa mkataji. Nina miaka thelathini na minne na sitaki kufa mkataji. Mwezi uliopita Mjomba aliahidi mbele ya mama kwamba kazi kubwa ijayo tutachoma wote. Kazi kubwa ndiyo hii.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Nimechora tawi mara tatu, nimechana mara mbili.

Alhamisi, 7 Machi

Tumechagua mbao. Hakuna mti wenye mbao ya kijani kibichi, kwa hiyo majani yetu yatakuwa ya manjano yenye ukijani kidogo, mengine rangi ya asali. Mjomba anachagua kwa madaha siku hizi. Analipapasa ganda, analigonga kwa ukucha, analipeleka puani. "Hili," anasema. Redio alimuuliza kama anaoa au ananunua mbao. Nami namwangalia najisemea: mzee, chagua twende, mvua hainisubiri.

Jumamosi, 9 Machi

Mjomba na mkewe wamekwenda kwa Mkunga kuangalia kabati litasimama wapi. Wamekwenda wameshikana mikono, mwavuli mmoja. Mkazamjomba ana miguu mizuri tu, sijui anashikiliwa nini. Redio aliwapigia mluzi. "Mapenzi ya uzeeni ni kama gundi ya moto," alisema, "ikishika haibanduki." Upepo ukaugeuza mwavuli na wakarudi wameloa chapachapa, Mjomba akicheka kama mtoto aliyetoroka shule.

"Dirisha la Mkunga liko kushoto," aliniambia. "Mwanga utatoka kushoto. Kwa hiyo kivuli cha kila jani kikae kulia. Kila jani."

"Tutachoma lini?"

"Kata kwanza."

Jumatatu, 11 Machi

Nimekata. "Kesho," anasema.

Jumatano, 13 Machi

"Kesho."

Ijumaa, 15 Machi

Leo nilibeba majani yote kwenye sinia, nikasimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma kama mhudumu wa harusi. Alifungua kidogo, akapokea sinia, akapiga chafya tatu mfululizo. Ameshikwa na mafua ya siku ile ya mwavuli. "Subira yavuta heri, mpwa wangu," alisema, na mlango ukafungwa. Nilibaki na mikono mitupu. Ninaichukia methali hiyo. Kila anayeniambia nisubiri huwa ameketi.

Jumatatu, 18 Machi

Mjomba ametoa majani ya kwanza. Aliyaweka kwenye meza yangu akapita zake akipenga kamasi. Nilidhani ananipa ya kuwashia jiko.

Meusi. Si kahawia, meusi, mpaka karibu na katikati. Mawili yalivunjika nilipoyagusa. Jani moja la mlimau, pamoja na meno yake madogo ya ukingoni, linakatwa kwa kimsumeno chembamba kama uzi, ukipumua vibaya kinakatika. Shingo inauma, macho yanatoa machozi. Na hapo bado hujakata nafasi litakamokaa, ambayo lazima ilingane nalo mpaka unywele usipite.

"Mjomba, yameungua."

"Yameiva."

"Yameungua, Mjomba. Yaangalie."

Hakuyaangalia. Redio akachungulia juu ya bega langu. "Labda Mkunga anataka mlimau wa usiku," akasema.

"Kata mengine," Mjomba alisema, akarudi chumbani.

Nimekata mengine. Nilikata kwa hasira na yakatoka mazuri, jambo lililozidi kunikasirisha.

Jumatano, 20 Machi

Yameungua tena. Si yote, mengine hayakuguswa kabisa na moto, yamerudi kama yalivyokwenda. Hakuna fundi duniani anayekosea pande zote mbili kwa siku moja. Hata mlevi ana upande wake.

Nimemwambia mama wakati tunakunja nguo. Nilisema kaka yako ananifanyia kusudi. Aliahidi mbele yako, sasa hawezi kukataa, basi anaiharibu kazi ili isifike kwenye kufundishana. Kikulacho ki nguoni mwako. Mama akanyoosha foronya, akasema, "Mwanangu, kaka yangu ana mambo mengi lakini hana hiyo. Utotoni alikuwa akila, ananiachia kipande kikubwa, halafu ananinunia." Nikasema labda sasa kipande kikubwa kimemshinda kuachia.

Mvua inapiga bati hadi siwezi kujisikia nikiwaza. Labda ni afadhali.

Ijumaa, 22 Machi

Nimekata. Yameungua. Redio anatengenezea wajukuu wake vidoli kwa mabaki.

Jumamosi, 23 Machi

Sijui niandike vipi.

Nilikwenda nyumbani kwa Mjomba, uani nyuma ya karakana, kuchukua funguo za stoo. Mkazamjomba alikuwa anaanua nguo kwa sababu mvua ilikuwa inarudi. Mjomba ameketi jikoni kwenye kigoda, ameelekea jiko, na juu ya jiko sufuria ya maziwa. Nikamsikia mkewe akimwambia kutoka nje, "Baba, niangalizie maziwa!" Naye akajibu, "Nayaangalia."

Na kweli alikuwa amegeuza uso kuyaelekea. Maziwa yakapanda. Yakafika ukingoni, yakamwagika pande zote, yakaungua kwenye moto, moshi ukajaa jiko zima. Mimi nilikohoa mlangoni. Mjomba alikaa palepale, uso umeelekea sufuria, ametulia, kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari. Alikuwa hatua mbili kutoka pale. Hakuona kitu. Na kwa mafua yale hakusikia harufu.

"Nani anakohoa?" akauliza. "Ni wewe, mpwa wangu? Nawe umeshayapata mafua?"

Mkazamjomba aliingia mbio, akaipua sufuria, akaniona namna nilivyosimama. Alinishika mkono akanitoa uani, mvua ikitunyeshea.

"Umeona," alisema.

"Tangu lini?"

"Mwaka juzi. Daktari wa macho alisema mshipa umekufa na haurudi. Anaona mwanga, anaona watu kama wako nyuma ya pazia. Aliniapisha."

"Na kuchoma anachomaje?"

Akagusa pua yake. "Harufu. Anasema mbao ikiiva inamwambia. Miaka miwili anachoma hivyo, nanyi mnasifia. Sasa mafua yameingia." Akaanza kulia, na nguo alizoanua zote zikalowana upya. "Nilimwambia mficha uchi hazai. Hanisikii."

Nilikwenda nyumbani bila funguo. Njia nzima nilikuwa nahesabu upya: ganda linalopelekwa puani, mkewe anayemshika mkono njiani, mlango unaofungwa. Nilidhani ananificha ufundi.

Jumatatu, 25 Machi

Nimefanya jambo baya.

Nilipaswa kuingia na upole. Niliingia na jani. Jipya, halijagusa mchanga. Nilisukuma mlango wa chumba cha nyuma bila kubisha, karai liko motoni, Mjomba ameinama na koleo, nikamwekea jani lile mkononi.

"Mjomba, hili limeiva?"

Akalipapasa. Akalipeleka puani, akavuta, pua ikakoroma. "Limeiva vizuri," akasema.

"Halijaingia kwenye mchanga."

Nilitaka kushinda. Nilishinda, na hapohapo nikajichukia. Uso wake ulibadilika polepole, kwanza masikio, kisha mdomo. Hakupiga kelele. Alitafuta ukingo wa meza kwa vidole, akaliweka jani chini.

"Toka," alisema.

"Mjomba, nilitaka tu..."

"Nimesema toka. Na ufunge mlango."

Jumanne, 26 Machi

Sikwenda kazini. Nimefua nguo safi.

Jumatano, 27 Machi

Sikwenda. Mvua. Nimezunguka chumba mpaka mama akasema atanitoza kwa kumaliza sakafu. Nikikaa natamani kusimama, nikisimama natamani kwenda, na pa kwenda ni palepale.

Alhamisi, 28 Machi

Mkunga amepita karakana kuulizia, hivi ndivyo alivyosema Redio alipokuja kunichungulia. Mjomba alimwambia kazi inaendelea. Inaendelea na nani?

Ijumaa, 29 Machi

Jioni wamekuja, Mjomba na mkewe, mwavuli mmoja tena, safari hii ameushika yeye Mkazamjomba peke yake. Mama akawakaribisha, akatoa viti. Mjomba alikaa, akapenga kamasi, akaanza kama anayesoma hukumu ya mtu mwingine.

"Macho yalipokwenda nilisema si kitu, pua ipo. Sasa pua imeziba. Nimebaki na mdomo."

"Basi huo mdomo ndio wa kufundishia," mama alisema. "Ulikuwa unautunzia nini?"

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango, nimeandaa maneno ya kuomba radhi kwa siku nne, yote yakanitoka. Nikasema tu, "Mjomba, nilikukosea adabu."

"Ulinikosea," alisema. "Na mimi nilikuchelewesha. Unajua kwa nini nilikuwa nafunga mlango? Mtu ukimfundisha kazi ya mkono anakuangalia usoni muda wote, anataka kujua amepatia au amekosea. Ungeniangalia kwa karibu siku mbili, ungejua." Akapenga tena. "Jumatatu uje na macho yako. Lakini Redio asijue. Redio akijua, mtaa umejua, na wateja hawaleti kabati kwa kipofu."

Nikaahidi. Walipoondoka mama aliniambia nifunge mdomo, nzi wataingia.

Jumatatu, 1 Aprili

Nimeingia chumba cha nyuma. Ni kidogo kuliko nilivyokuwa nakiwaza miaka yote hii. Jiko la mkaa, karai, kigoda, dirisha lililozibwa kwa gunia ili upepo usipoze mchanga. Basi. Siri yote ni hiyo.

Mjomba alisimama nyuma ya bega langu. Nikachovya jani la kwanza.

"Sema unachoona."

"Linabadilika."

"Kubadilika si rangi. Sema."

"Kama chai ya maziwa."

"Ngoja."

"Sasa kama chai ya rangi."

"Toa! Umeshachelewa."

Nikalitoa, lilikuwa zuri, nikataka kubisha. Nikiwa nimelishika likaendelea kuiva mkononi mwangu, bila moto, mpaka likapita. Sikujua. Mbao haijui kwamba imetoka kwenye mchanga, Mjomba alisema. Lazima uitoe kabla haijafika unapopataka, na imalizie njiani.

"Sasa nuse. Kwanza utasikia mkate. Mkate ukianza kuwa sukari iliyoungua, hapo hapana jani tena."

Nilinusa. Nilisikia moshi tu. Tulichoma hadi macho yakaniwasha, na ninayoweza kuyaita majani yalikuwa machache kuliko vidole vya mkono mmoja. Redio alibisha mlango kuuliza tunapika nini humo. Mjomba akamjibu tunapika mtu mdaku.

Alhamisi, 4 Aprili

"Una haraka ya kuweka na haraka ya kutoa," Mjomba anasema. "Katikati hapo ndipo kazi ilipo, na wewe hapo hukai."

Ni kweli. Mguu wangu unachezacheza muda wote chini ya meza. Leo ameniwekea tofali juu ya kiatu.

Jumamosi, 6 Aprili

Nimesikia mkate! Ulikuja na kuondoka, lakini niliusikia, na nikatoa jani, na likamalizia njiani pale nilipotaka. Nilipiga kelele. Mjomba akanyoosha mkono, nikamwekea jani, akapitisha kidole gumba ukingoni. Hawezi kuona kivuli kwa kidole, sote tunajua. Lakini alilishika kwa muda mrefu, na mimi sikuwa na haraka.

Jumanne, 9 Aprili

Asubuhi Mjomba alisimama kwenye mlango wa karakana akasema, "Redio, unaunguza gundi." Na kweli. Pua imefunguka.

Nami kama mjinga nilifurahi. Nikachukua majani kwenye sinia, nikaenda chumba cha nyuma, nikakuta mlango umefungwa. Kwa ndani.

Nilikaa kwenye benchi langu siku nzima. Nilikuwa wa kufaa alipokuwa hana pua. Pua imerudi, mpwa hana kazi. Nimekata vipande vya shina la mlimau, vyote vimepinda.

Jumatano, 10 Aprili

Umefungwa. Mvua imepungua lakini mimi siyo.

Alhamisi, 11 Aprili

Nimebisha hodi mpaka Redio akasema niache, mlango hauna kosa. Mjomba alifungua. Nilikuwa nimejaa, kinywa kimeshafunguka, halafu nikaona jiko. Halikuwashwa. Karai lilikuwa baridi, mchanga umesawazishwa vizuri kama kitanda. Alikuwa amekaa tu pale ndani, siku tatu, kwenye kigoda.

"Mjomba, unafanya nini humu?"

"Naaga," alisema.

Nilikaa chini sakafuni. Akaniuliza majani yamebaki mangapi, nikamwambia karibu yote tayari, limebaki lile kubwa la katikati, linalokaa ukingoni pale milango miwili inapokutana. Hapo ndipo jicho litakapotua kwanza.

"Niachie hilo," alisema. "Moja tu. Mengine yote ni yako, na kuanzia hapo mchanga ni wako."

Nilimwachia. Nani angekataa?

Jumamosi, 13 Aprili

Amelichoma lile jani. Alitoka nalo mwenyewe, akitabasamu, akaliweka juu ya kiganja changu.

Sijaona rangi kama ile. Yangu yanapita kutoka kahawia kwenda manjano kama mtu anayeshuka ngazi. Lake linateremka taratibu kama maji, huwezi kuonyesha mahali linapobadilika. Nilimwambia, "Mjomba, hili ni hatari." Alicheka, akaenda kunywa chai, na mgongo wake ulikuwa umenyooka kuliko nilivyouona mwaka mzima.

Nikalipeleka kwenye nafasi yake katika picha. Limekaa sawasawa, unywele haupiti. Na kivuli kiko kushoto.

Nililigeuza, nikajaribu juu chini. Jani halina pande mbili sawa. Linaingia kwa namna moja tu. Amechovya ukingo usio wake. Majani yote ya tawi yanapokea mwanga kutoka kushoto, na hili moja, kubwa, la katikati, linapokea mwanga kutoka ukutani. Pua ilimwambia limeiva kiasi gani. Haikuweza kumwambia upande.

Alipouliza kutoka mlangoni, "Limekaa?" nikasema, "Limekaa." Huo haukuwa uongo.

Jumapili, 14 Aprili

Sijatulia hata dakika. Mama ameninyang'anya ufagio.

Naweza kuliacha. Mkunga ni mkunga, si fundi; atafurahi, ataweka shuka zake humo, maisha yataendelea. Lakini mtu yeyote atakayesimama mbele ya kabati lile atahisi kuna kitu kinamsumbua bila kujua ni nini, na kazi ya mwisho ya Mjomba itakuwa ndiyo hiyo inayosumbua.

Naweza kulibadilisha kimyakimya. Hataona. Nimeandika neno hilo na nimelitazama kwa muda. Hataona, ndiyo, na kila siku nitakayomwamkia nitakuwa najua nimefaidika na kutoona kwake.

Naweza kumwambia. Lakini kesho ndiyo siku ya gundi, na siku ya gundi Redio yupo mezani tangu asubuhi.

Mchana nilikwenda karakana peke yangu, nikawasha jiko, nikakata jani jingine, nikachoma. Mkate niliusikia. Ncha nimeichelewesha kidogo. Limo kwenye mfuko wa aproni na bado sijui nitalifanya nini.

Jumatatu, 15 Aprili

Jua limewaka leo.

Redio alikuwa ameanza kupika gundi tulipoingia, kopo ndani ya sufuria ya maji, akisimulia jinsi mkwewe alivyofukuzwa na kuku. Milango miwili ilikuwa imelazwa mezani, imerandwa, imepashwa moto kidogo. Pembeni picha yangu nzima, imeshikwa kwa karatasi, tawi linakwenda kutoka ukingo hadi ukingo. Gundi hii ikishapakwa unafanya haraka. Ikipoa hakuna kurudi nyuma, kilichoshika kimeshika.

Mjomba akaja mezani. Akanyoosha viganja juu ya picha, akavipitisha polepole, bila kuigusa. Kisha akauliza swali ambalo kila fundi huuliza kabla ya gundi, na analiuliza kila mara, kwa hiyo hakulitega.

"Kivuli chote kulia?"

Redio ameshika brashi. Mimi nina ahadi niliyoitoa na mama akiwa shahidi. Nilifungua mdomo kusema ndiyo, na ulikuwa tayari umekaa vizuri kwa kusema ndiyo.

"Hapana," nikasema. "Moja liko kushoto."

"La nani?"

"La kwako, Mjomba. La katikati."

Mkwe wa Redio na kuku wake waliishia hapohapo. Redio aliinama akakoroga gundi iliyokuwa haihitaji kukorogwa. Nilisikia maji yakichemka kwenye sufuria. Mjomba alirudisha mikono yake, akaishikanisha mbele ya tumbo.

"Harufu haina kushoto wala kulia," alisema. Alisema kwa sauti, na Redio yupo. "Rangi yake je?"

"Hakuna hata moja langu lililolifikia."

"Usinibembeleze."

"Sibembelezi. Lingekuwa baya ningelala vizuri."

"Umejua lini?"

"Jumamosi."

"Siku mbili. Na una jingine mfukoni, maana nakujua." Nikaligusa mfukoni. "Ungeweza kulibadilisha nisijue."

"Ningeweza."

Akavuta pumzi ndefu kwa pua ile iliyopona. "Litoe," alisema.

Nililitoa kwa ncha ya kisu, nikaliweka pembeni, nikaingiza la kwangu. Nililibonyeza kwa kidole gumba mpaka likalala sawa na wenzake.

"Lako likoje?"

"Ncha imeiva mno. Kidogo. Mkunga hataona."

"Wewe utaona."

"Kila nikipita kwake."

"Basi karibu," Mjomba alisema. "Mimi kuna nyumba tatu katika mji huu nilikuwa nazunguka mbali nisipite mbele ya kabati zangu. Sasa hivi ndiyo napita vizuri." Akacheka, kicheko kilichopasuka katikati, akafuta uso kwa mkono wa shati. "Redio, gundi."

Redio alipaka. Sijawahi kumwona akifanya kazi kimya, na nikajua anaandaa matangazo yake, kwamba ikifika mchana mtaa mzima utakuwa na habari. Tukalaza picha, tukaweka mbao za kukandamiza juu yake. Vibano viko upande wa pili wa chumba. Mjomba akanyoosha mkono hewani mbele ya Redio, wazi kabisa, akausubirisha hapo mpaka nikaushika.

"Nipeleke," alisema.

"Subirini," Redio alisema. Akatutangulia, akainua ndoo ya vumbi la mbao iliyokuwa njiani, akaisukuma ukutani kwa mguu. "Mwaka wa pili huu nasogeza ndoo hii kila asubuhi. Nami nazeeka."

Mjomba alisimama. Nilihisi vidole vyake vikinibana. Kisha tukaenda, tukakaza vibano sote watatu, mimi nikihesabu mizunguko kwa sauti ili milango ibanwe sawa, na tulipofika kibano cha mwisho Redio alikuwa amesharudi kwa mkwewe na kuku.